Mnaweza kunizimia pikipiki kwa simu, basi niulizeni helmeti ya abiria iko wapi

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme jambo lililonikaa kooni tangu mwezi wa pili. Mimi ni bodaboda hapa Mombasa, steji yangu iko Kisauni, nimeendesha pikipiki ya mafuta miaka saba na sasa nina mwaka na kitu kwenye ya stima, hizi za kubadilisha betri. Siji kuisema vibaya pikipiki ya stima, mana imenitoa mbali, mafuta yalikuwa yananila mpaka mfupa na sasa jioni narudi nyumbani na chochote mkononi. Nakuja kusema habari ya helmeti. Najua kuna mtu ashaanza kufunua kurasa aende kwa michezo, lakini angoje kwanza nimsimulie.

Ilikuwa asubuhi saa mbili kasoro, nimebeba kijana anawahi kazini Nyali, tunashuka kuelekea soko la Kongowea, na mnaojua Kongowea saa hizo mnajua, watu, tuktuk, mikokoteni, kila mtu ana haraka yake. Nilipompakia nilimwambia ndugu yangu vaa helmeti, akaipokea akaipachika kwenye kiwiko kama kikapu cha sokoni. Wajua vile wanafanya. Nikanyamaza, mana nauli ni nauli. Mbele yetu mzee mmoja anasukuma mkokoteni wa madafu, akakatiza barabara bila kuangalia nyuma, na mimi mhariri simlaumu hata kidogo, kwa sababu mzee yule miaka yake yote amezoea kuvuka barabara kwa masikio. Pikipiki ya mafuta unaisikia kabla hujaiona. Hii yangu haisemi kitu, ukienda polepole inavuma tu kama feni ya mezani.

Nikabana breki zote mbili, kulikuwa na mchanga, tukalala upande wa kushoto. Madafu yakamwagika barabara nzima watu wanayakimbilia. Mimi kichwa kilipiga lami nikasikia ko! kama nazi imepigwa ukutani, nikainuka nikajipangusa suruali. Yule kijana naye alipiga kichwa, ila yeye kichwani hakuwa na kitu. Helmeti ilikuwa bado iko kwenye kiwiko, haina hata mkwaruzo.

Alishonwa nyuzi kumi na moja juu ya sikio, siku mbili anatapika, wakamlaza kumwangalia. Alhamdulillahi yuko, juzi kanipigia ati nimpeleke Bamburi na alipofika alifunga ukanda wa kidevu mwenyewe kabla sijafungua mdomo.

Lakini hiyo siyo sehemu iliyonikaa kooni. Iliyonikaa ni ya mchana wa siku hiyohiyo. Betri ilikuwa inaisha nikaenda kituo cha kampuni iliyonipa pikipiki, pale tunapobadilishia. Dada wa pale ni mtu mzuri, ana adabu, simsemi yeye. Akaskani pikipiki kwa simu, akazunguka, akasema kaka hiki kioo cha kushoto kimevunjika utakatwa pesa, na hapa pa kuwekea mguu pamepinda hapa pia utakatwa. Kisha akaichukua betri niliyorudisha akaigeuza pande zote, anaiangalia kama mama anayechagua nyanya, kuna ufa, hakuna ufa, imeingia maji, haijaingia. Wakati wote huo mimi nimeshika mkononi helmeti yangu imepasuka kutoka utosini mpaka sikioni. Nikamwonyesha. Akanijibu, "Pole sana kaka, hiyo tena si ya kampuni, si ulishapewa yako siku ya kwanza?"

Nikawekewa betri imejaa, nikavaa helmeti iliyopasuka, nikarudi kazini. Niliivaa hivyo siku tisa. Sijisifu, naeleza tu ilivyokuwa.

Sasa hapo ndipo nataka tuzungumze. Zamani nikiwa na pikipiki ya mafuta nilikuwa mtu wa Mungu tu, sina wa kuniuliza. Naingia petroli stesheni nikiwa kichwa wazi, abiria wawili nyuma na gunia la makaa mbele, yule wa pampu anauliza ya mia ngapi, basi. Sheria ipo na haikuanza jana, Sheria ya Trafiki kifungu cha 103B kinasema anayeendesha avae helmeti na jaketi la riflekta, awe na helmeti na jaketi la abiria, ahakikishe abiria amevaa, na abebe abiria mmoja tu. Nani anaisimamia? Askari akiwa barabarani siku hiyo. Ndiyo mana kuna helmeti tunaita ya polisi, hukaa kwenye tangi mpaka ukiona kofia ya buluu kwa mbali ndio unaipandisha kichwani, ukipita unaishusha. Hata mimi nimeifanya hiyo miaka.

Pikipiki ya stima imebadilisha jambo moja kubwa ambalo sijasikia mtu akilisema. Sasa nina mtu wa kuniuliza. Kampuni inaniona kwa macho mara mbili kwa siku, siku nyingine tatu, mana bila betri siendi popote. Wanajua niko wapi, nimetembea kilomita ngapi, betri imebaki ngapi. Mwenzangu wa steji alichelewesha malipo ya pikipiki siku mbili, mtoto alikuwa mgonjwa, akaamka alfajiri akabonyeza, pikipiki kimya, imezimwa kutoka ofisini huko, yeye amekaa juu yake nje ya nyumba kama mtu amepanda sanamu. Kwa hiyo uwezo wanao. Kama mnaweza kunizimia pikipiki kwa simu kwa sababu ya pesa ya siku mbili, mnashindwaje kuniuliza helmeti ya abiria iko wapi kabla ya kunipa betri?

Ombi langu ni hilo na si gumu. Ukija kubadilisha betri, uonyeshe helmeti mbili, nzima, ukanda wake unafunga. Huna, hupewi betri. Imepasuka, unabadilishiwa kama vile betri mbovu inavyobadilishwa, na gharama iingie kwenye hesabu ya kila siku tangu mwanzo, mana shilingi chache kwa siku hatuzioni lakini elfu tatu kwa mkupuo inauma. Na helmeti ya pili itoke kwa kampuni pamoja na pikipiki. Mimi nilipewa moja na jaketi moja, ya abiria wakasema jinunulie.

Nikajinunulia. Hapa nitaeleza kitu kinanitia aibu. Ile helmeti ya kiwiko niliinunua barabarani shilingi mia saba, nyeusi inang'aa, ina kistika cha moto. Baada ya ajali nikakaa nayo nyumbani nikasema hebu niifungue nione ndani. Nikang'oa kitambaa. Chini ya kitambaa kuna sponji, hii ya godoro, unaibonyeza kwa kidole inarudi, halafu plastiki, basi. Kwa hiyo hata yule kijana angeivaa asubuhi ile sijui kama leo ningekuwa namsimulia nikicheka. Nikaitupa nyuma ya nyumba, sasa hivi kuku wa mamangu anaatamia humo ndani mayai saba.

Yangu iliyopasuka nayo nikaifungua nilinganishe. Chini ya kitambaa kuna ule utando mgumu mweupe, mnene kama vidole viwili, kama ule wanaofungia televisheni kwenye katoni. Upande niliopigia umebonyea na haurudi. Fundi mmoja wa pikipiki akanieleza vizuri, kwamba ile kazi yake ni kubonyea, inakula ule mpigo badala ya ubongo wako kuula, na ikishabonyea imemaliza kazi, haina mara ya pili, hata kama kwa nje unaona mkwaruzo tu. Sponji haili kitu, inapitisha. Na zile za mjengo, mana steji yetu wako wawili wanaovaa za mjengo, zile zimetengenezwa kwa tofali linaloanguka kutoka juu, sio kwa kichwa kinachoenda kukutana na lami kwa upande.

Kwa hiyo mtu akienda kununua asiangalie rangi. Aangalie alama ya KEBS, wale wa viwango wa Kenya, na zile zinazofuata kanuni za Umoja wa Mataifa utaona kwenye kilebo, mara nyingi kimeshonwa kwa ukanda wa kidevu, herufi E ndani ya duara na namba yake, kisha namba ndefu inaanza na 05 au 06. Ingiza kidole chini ya kitambaa uguse. Ivae, funga, tikisa kichwa, ikizunguka peke yake siyo saizi yako. Lakini mhariri niambie ukweli, bodaboda gani saa kumi na mbili asubuhi ataanza kusoma vilebo? Na kistika pia mtu wa mtaani anaweza kukichapisha. Kampuni inayoagiza pikipiki kwa makontena haishindwi kuagiza helmeti iliyopimwa.

Faida yake haina ubishi. Kuna uchambuzi wa Cochrane, wale watafiti wa mambo ya afya, wa mwaka 2008 uliokusanya tafiti 61 za nchi tofauti, wakakuta helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali ya pikipiki kwa karibu 42% na wa kuumia kichwa kwa karibu 69%. Hiyo ni iliyovaliwa kichwani na kufungwa, si ya kwenye kiwiko.

Najua wenzangu wa steji wakisoma hii watanitafuta. Watasema sasa unatuongezea mzigo, na watasema tutaazimana tu, mmoja anaingia kwa betri na helmeti zake mbili akitoka anampa mwenzake. Kweli tutafanya hivyo, sisi tunajijua. Lakini betri ina namba yake na ile namba imeandikwa kwa jina langu, helmeti nayo ichapwe namba. Mbona betri hatuazimani?

Halafu kuna abiria. Hapa jamani tusaidiane. Wiki iliyopita mama mmoja wa makamo, nimempakia Bombolulu, nikamwambia mamangu vaa helmeti, akanitazama juu mpaka chini, "Mwanangu mimi hiyo sivai, huoni ushungi wangu? Na hiyo imevaliwa na vichwa vingapi tangu asubuhi?" Nikakosa jibu kwa sababu ana haki. Joto la Mombasa mwezi wa tatu, helmeti moja, vichwa ishirini, jasho, mafuta ya nywele, mwingine ana mapunye. Dada aliyesuka jana kwa elfu mbili hawezi kukubali nywele zilaliwe na helmeti ya sh mia saba. Tukisema ni ukaidi tu hatutafika.

Kule Kampala SafeBoda, kampuni ya bodaboda za kuita kwa simu, walipoanza 2014 walikuja na helmeti ya pili ya abiria, na vile vikofia vyepesi vya wavu mtu anavaa ndani akimaliza anatupa. Kigali ukipanda moto, ndivyo wanavyoita bodaboda kule, unapewa helmeti na unaivaa, hakuna mazungumzo, na kule ndiko wamesonga mbele kwa stima kutuzidi, Januari 2025 waliacha kusajili pikipiki mpya za mafuta za kubeba abiria ndani ya Kigali. Vietnam, ambako pikipiki ni nyingi kuliko sisi mara nyingi, tarehe 15 Desemba 2007 walianza kulazimisha kila mtu, dereva na abiria, barabara zote, na haikuchukua muda wanaovaa wakapita asilimia 90. Si kwamba wale watu vichwa vyao ni vya aina nyingine.

Mimi nimeanza kufanya hivi, nimenunua leso nyepesi za pamba, kila abiria mpya naweka safi ndani, usiku mke wangu anafua, ananilaumu lakini anafua. Mwenye ushungi anauvuta ukabane kidogo, helmeti inaingia juu bila kuharibu, ila saizi iwe kubwa hatua moja. Abiria watatu kati ya wanne sasa wanavaa. Wa nne anapanda pikipiki ya nyuma yangu, na ndiyo hasara yenyewe, mana sheria nikiifuata peke yangu mwenzangu ndiye anakula.

Tena nirudi kwa ule ukimya, mana watu wanadhani pikipiki ya stima ni ile ya mafuta iliyotolewa kelele. Si hivyo. Haina klachi haina gia, ukizungusha mkono nguvu yote inakuja hapohapo, haikupi onyo. Kijana mmoja wa steji yetu alikuwa amesimama anapakia abiria, pikipiki iko on lakini kwa vile hailii amesahau, mkono wa jaketi la abiria ukakwama pale pa kuzungusha kuongeza mwendo, ikaruka ikaenda kukumbatia kibanda cha viazi karai. Bahati karai lilikuwa halijawekwa mafuta. Sasa steji yetu tuna sheria yetu, kabla abiria hajapanda unazima kabisa, uone skrini imekufa. Taa ya mbele inawaka mchana na usiku. Na karibu na shule, msikiti wakati watu wanatoka, soko, unapiga honi ndogo kabla hujafika, sio ya matusi, ile ya kusema nipo. Ulaya magari mapya ya stima yote tangu 2021 ni lazima yatoe sauti yakienda chini ya kilomita 20 kwa saa, ila sheria ile haigusi pikipiki, kwa hiyo hata huko bado wametuacha tujisemee wenyewe kwa honi.

Kuna pia hizi baiskeli za stima, za vijana wa kupeleka chakula kule Nyali. Ukiuliza hapa steji ni baiskeli au ni pikipiki kila mtu ana jibu lake. Ulaya wamechora mstari, mota isizidi wati 250 na msaada ukate ukifika kilomita 25 kwa saa, hapo ni baiskeli, zile za kufika 45 zinahesabiwa upande wa pikipiki. Sisi kijana anapita na 40, ndala miguuni, kichwani ana kepu. Hao sina mengi ya kusema leo, ila na wao wanachaji mahali na wana kampuni zinazowatuma.

Serikali nayo tumeiona. Septemba 2023 Rais alikuja hapahapa Mombasa akazindua hizi pikipiki za stima, sisi tukapiga makofi, na Machi 2024 ikatoka rasimu ya sera ya vyombo vya stima pamoja na habari ya vyombo vya stima kuvaa namba za usajili za kijani. Namba ya kijani nzuri, askari ataijua kwa mbali. Lakini mzee wa mkokoteni wa madafu hana macho kisogoni, hata namba ingekuwa na taa. Kama kuna mtu ameshika kalamu anaandika masharti ya kuzipa kampuni hizi leseni, aongeze mstari mmoja tu kuhusu helmeti mbili na betri, hata kama ataubana pembeni.

Na watoto wa shule. Hapa sina mdomo wa kumsema mtu, nimewahi kubeba watatu, begi zimening'inia, mdogo ameketi kwenye tangi mbele yangu, mama yao akanilipa na kuniombea dua. Mmoja tu, sheria imesema. Helmeti ya saizi ya mtoto sijaiona kwenye steji yoyote ya Kisauni mpaka leo.

Yule mzee wa madafu, kwa wanaotaka kujua, nilimlipa madafu kumi na mbili, mengine watu walishayanywa. Tukikutana siku hizi ananipungia mkono ananiita bwana kimya.

Nimenunua helmeti mbili mpya, zenye ule utando mgumu, kwa deni la chama. Kesho alfajiri nitakuwa kwenye foleni ya betri kama kawaida, na nitamwonyesha yule dada zote mbili, akiuliza asiulize.

Bodaboda wa Kisauni,
Mombasa